Ziada ya Mikono Tisa

Jumatatu saa kumi na moja jioni, msaidizi wa darasa la mahitaji maalumu aliingia kwa fundi cherehani akiwa na blauzi yake ya kazi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Karibu, mwalimu. Nikupunguzie au nikuongezee?"

"Niongezee mkono."

"Mrefu au mfupi?"

"Wa tatu."

Fundi akavua utepe shingoni, akamzunguka. Chini ya kwapa la kulia ulikuwa umechipuka mkono mwingine, mzima, una kucha na alama ya chanjo. Akaupima mpaka kifundoni.

"Huu mfupi kidogo kuliko wenzake."

"Bado mchanga."

Hakuuliza umetoka wapi. Alijua umekuja kwa ajili ya nani, maana binti yake wa miaka tisa alikuwa katika darasa hilo.

Binti huyo hakusema kwa mdomo, hakushika kitu, na shingo yake haikubeba kichwa. Alisema kwa macho. Ukimwonyesha kadi mbili za picha, moja huku, moja kule, anatazama anayoitaka, na hapo amesema. Kazi yenyewe inataka mkono mmoja kisogoni, mmoja wa kadi hii na mmoja wa kadi ile. Msaidizi alizaliwa na miwili. Kwa hiyo mwaka mzima alimwonyesha kadi moja, na binti, asiye na pengine pa kutazama, aliitazama. Ilikuwa kadi ya maji. Kwenye faili lake wakaandika: *Anapenda sana maji.*

Darasani walikuwa watoto sita. Kila mmoja alikuwa na mpango wake uliopigwa muhuri, na kila mpango ulisema msaada uwe wa mmoja kwa mmoja. Wakubwa waliyasoma maneno hayo kwa namna yao, wakaleta mmoja. Mwalimu mkuu aliandika barua kuomba wengine. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili, ya muhula ule dari la stoo lilipoanguka, ilijibiwa kwamba ya kwanza haionekani. Ya nne, ya mwaka upepo ulipong'oa bati za choo, iliomba kiti chenye egemeo la kichwa na kibao cha kusimamishia kadi, vitu ambavyo seremala yeyote mwenye akili zake angevimaliza kwa siku mbili kama angepewa mbao. Hiyo haikujibiwa. Zilifika tisa. Waliozipokea wamezisahau, lakini nakala zipo, na tarehe zake zipo.

Jumanne msaidizi alivaa blauzi ya mikono mitatu, akainua kadi mbili: maji na sitaki. Binti akatazama sitaki. Akaulizwa tena. Sitaki. Kadi zikabadilishwa upande, na macho yakahama pamoja na kadi.

Fundi alipokuja kumchukua aliambiwa, "Leo amekataa maji."

"Amekataa?"

"Mara nne."

Fundi akachuchumaa mbele ya binti yake. "Mama, kumbe yamekukinai, na mimi kila ukirudi nakujazia kikombe? Si ungenifinya!" Akacheka mpaka machozi, na kicheko kilipokwisha machozi yaliendelea. Akasimama. "Asante, mwalimu. Mungu akuongeze."

Mungu akaongeza. Wiki iliyofuata ulichipuka mkono wa kumshika mtoto aliyekimbilia barabarani kila kengele ilipolia. Ukaja wa kumbania karatasi yule aliyeweza kuandika isipomkimbia, kisha wa kukaa kati ya ukuta na paji la uso la yule aliyejigonga akisikia kelele. Kufika katikati ya muhula ilikuwa kumi na mmoja. Fundi alishona. Walimu wenzake walimtania, "Huyu akinawa, tangi linakauka." Wazazi walikuja kushukuru mmoja mmoja, wengine wamevaa nguo za kutokea, na mama wa yule mkimbiaji alisema sasa anaweza kupika bila kusikiliza breki za magari.

Mikono ilikuwa kumi na mmoja, lakini moyo ulikuwa mmoja. Ikifika saa nane mchana msaidizi alikaa sakafuni, miguu haimbebi. Muuguzi wa zahanati alimpima presha kila mkono, akapata majibu kumi na moja, yote mabaya, akamwandikia apumzike. Hakukuwa na wa kumshikia zamu.

Barua ya kumi ndiyo iliyomleta afisa wa elimu. Alisimama mlangoni akahesabu kwa kalamu.

"Kanuni inampa mtumishi mikono miwili. Hapa mna ziada ya mikono tisa."

"Tuliomba watu, mheshimiwa," alisema mwalimu mkuu.

"Na mmejaliwa mikono. Shule jirani hawana hata mmoja." Akaandika kwamba Jumanne na Alhamisi msaidizi atakuwa huko.

Siku isiyo na msaidizi, mtoto kama binti wa fundi hukaa nyumbani. Hiyo ndiyo kanuni pekee inayotekelezwa bila kuandikiwa barua. Nyumbani kwake ni mkeka chini ya meza ya kukatia vitambaa, alipolala miaka miwili ya kwanza ya shule ya wenzake.

"Mwalimu," fundi alisema, "Mama arudi tena chini ya meza?"

"Mlete tu Jumanne."

Jumanne msaidizi aliwahi, akavua mikono tisa, ile iliyoandikwa kuwa ni ziada, akaiweka kila mmoja penye mtoto wake. Ilitoka bila shida, kama viatu. Akaenda shule jirani na miwili aliyozaliwa nayo. Huko alikuta watoto wanane, na mipango minane ya mmoja kwa mmoja.

Wiki ya tatu jibu la barua ya kumi lilifika: *Kwa kuwa huduma inaendelea hata msaidizi asipokuwepo, nafasi ya msaidizi wa pili haihitajiki.* Mwalimu mkuu akalitoboa matundu mawili, akalitia kwenye jalada, akaanza kuandika ya kumi na moja.

Mchana huo, msaidizi akiwa shule jirani, fundi alifika mapema. Mwalimu wa darasa alikuwa ubaoni. Binti alikuwa kitini, kichwa wima, mkono mmoja kisogoni, miwili mbele yake imeinua kadi. Fundi alisubiri achague kwanza. Alichagua, kadi zikashushwa.

Fundi akafuta mafuta ya cherehani kwenye suruali, akaupa mkono ule wa kushoto. "Asante." Akaupa wa kulia. "Asante sana." Kisha akainamia ule wa kisogoni, akaugusa kidogo tu, kwa ncha za vidole.

"Wewe usinipe mkono," akauambia. "Usimwachie."