Kiti cha Verna

Ugonjwa wa boti ya Ovide niliugundua kwa kisigino. Nilipanda, nikapiga hatua mbili kuelekea mbele, sitaha ikabonyea kama godoro la gesti.

"Shemeji," nikamwambia, "hii boti au andazi?"

Hakucheka. Ovide Naquin ni kaka wa mke wangu, na tumetaniana tangu siku ya harusi yangu, kanisani humo humo. Lakini tangu tumzike mkewe Verna, wakati wa baridi, utani wangu ulimwangukia kama mvua juu ya turubai.

"Jumapili ya Baraka nataka niwe majini," akasema. "Shada lake nalitupa mwenyewe, kutoka hapa alipokuwa anakaa."

Sisi wavuvi wa Bayou Latour, kabla msimu wa kuvua kamba haujafunguliwa, tunazipamba boti kwa bendera, padri anazinyunyizia maji ya baraka, halafu tunawatupia mashada waliotutoka. Ambaye hana boti anasimama darajani na kupunga mkono. Ovide hakuwa mtu wa kusimama darajani.

Nikagonga sitaha kwa mpini wa nyundo. Pembeni ikajibu ko, ko. Kukizunguka kiti cha Verna ikajibu pu, pu. Chini ya ngozi ya faiba inayofunika sitaha kuna plaiwudi, na plaiwudi hiyo ilikuwa imekunywa maji mpaka imelewa. Boti yenyewe Ovide na Verna waliinunua kuukuu lakini nzima. Maji yaliingilia kwenye matundu ya skrubu za kiti. Verna alikuwa akikaa pale kuchambua kamba, na jua likimpiga usoni alikifungua kiti, akakisogeza, akatoboa upya. Matundu ya zamani aliyaziba kwa alichokuwa nacho mdomoni.

"Chingamu, shemeji! Mwanamke anapika mchuzi wa bamia mpaka padri anakomba sufuria, halafu boti anaiziba kwa chingamu!"

"Ya mnanaa," Ovide akasema.

Hakutaka nikate. "Huwezi kuibadilisha kwa chini?"

"Nipitie wapi? Mimi panya?"

Ndipo akanionyesha. Mbele ya kiti palikuwa na madoa mawili yaliyong'aa, yamesuguliwa na visigino vya buti nyeupe za mpira za Verna, misimu na misimu. Nikaweka nyundo chini.

Tukakubaliana niivue ile ngozi nzima nzima, kisha niirudishe. Nikakata kwa msumeno, tukaibandua taratibu, tukailaza juu ya pipa. Chini yake mbao ilikuwa nyeusi, imeoza, tukaizoa kwa mikono kama machicha ya kahawa. Tukaacha pakauke, tukalaza plaiwudi mpya, tukamwaga gundi ya faiba, ngozi ikarudi juu na mawe ya kuikandamiza.

Tatizo lilikuwa kiungo. Mkato lazima ukae juu ya boriti, na boriti ilipita chini ya yale madoa ya visigino vya Verna hasa. Ili kitambaa kipya cha faiba cha kuziba mkato kishike, kando zote mbili za mkato lazima zisagwe, upana wa kiganja.

"Tukiacha bila kusaga?"

"Maji yatarudi. Utalitupa shada ukiwa umezama kiunoni."

Akanyoosha mkono. "Nipe grenda."

Akayasaga mwenyewe madoa yale, magoti chini, hakubakiza hata alama. Alipoinuka alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka mikono. Nikamwambia amekuwa bibi harusi. Hakujipangusa. Alikwenda nyumbani na vumbi lile.

Gundi ilipokauka nikaleta drili ya kufungia kiti, nikamwahidi kila tundu safari hii nitaliziba kama chupa ya dawa.

"Usitoboe, Clebert."

"Kiti kitacheza."

"Acha kicheze. Aliyekuwa anatoboa ni yeye."

Akapanda, akatembea mbele na nyuma, akikanyaga kwa nguvu. Sitaha haikusema kitu.

"Akiinuka nilikuwa najua," akasema. "Niko kwenye usukani, nimempa mgongo, sakafu inabonyea kidogo. Miguu inaniambia, Verna kasimama, kahawa inakuja." Akakanyaga tena. "Kazi nzuri, shemeji."

Utani nilikuwa nao tayari. Nikaumeza.

Jumapili boti kubwa zilitupita na mawimbi yao, na kiti kikaanza kuteleza. Ovide akaendesha kwa mkono mmoja, wa pili amekishika kiti. Mke wangu akataka kumsaidia kukishika, Ovide akatikisa kichwa. Padri alipokwisha kunyunyiza, kikalia king'ora cha kutupa mashada.

"Shemeji, shika usukani," akasema.

Nikashika, nikampa mgongo. Shada nililiona likielea upande wa kulia, maua ya njano, likibaki nyuma. Chini ya miguu yangu sitaha ilikuwa ngumu kama sakafu ya kanisa. Kama Ovide alikuwa amesimama, au alikuwa amekaa kwenye kile kiti, sikuweza kujua.