Mtumbwi wa Marehemu Placidius

Kwa miaka ishirini na miwili Twagirayezu alikanyaga ndizi za pombe pale Kamuli, na hakuna mtu aliyewahi kuiita pombe ile yake. Ilikuwa pombe ya Placidius. Yeye alikuwa miguu tu. Lakini Placidius alipokuwa anakata roho, alitamka mbele ya mkewe na katekista kwamba mtumbwi wake wa kukamulia, ule mrefu wa kuweza kulala watu wawili, apewe Twagirayezu.

Mdogo wa marehemu, mzee Mutalemwa, hakukubali. "Mti huo aliuchonga baba yetu. Hauendi kwa mtu aliyeingia hapa na mkeka kichwani."

Mwenyekiti wa kijiji, Gosbert, hakutaka ugomvi katikati ya msimu wa kahawa. Akakata shauri: mwezi wa saba Twagirayezu autumie mtumbwi kutengeneza rubisi, ile pombe ya ndizi ya Kamuli, kwenye sherehe ya pombe kule Kanoni. Ukiwa wa kwanza kukauka kwa kunywewa, ni wake. Usipokuwa, unarudi kwa Mutalemwa. Wote wawili wakaitikia mbele ya watu.

Kanoni hapakuwa na waamuzi wa kuonja kwa ncha ya ulimi. Kila kijiji kilikamua ndizi zake uwanjani, watu wakiona, kikalala hapohapo na pombe yake. Kesho yake kila mtu anakunywa anapopenda. Mtumbwi unaokauka kwanza umeshinda, na mwenyewe anapewa jembe jipya. Sharti lilikuwa moja: hakuna kufunua kabla mgeni rasmi hajafika.

Mwaka huo, 1987, vijiji tisa vilipiga kambi. Wengine walikuwa na maturubai, wengine vibanda vya nyasi. Twagirayezu alishuka kwenye lori la kahawa na mkewe Kampire, mtumbwi, mikungu, na mzigo mkubwa wa majani makavu ya migomba. Gosbert alikuja kushuhudia. Mutalemwa alikuja pia. Hakusema amefuata nini.

Kufikia alasiri Twagirayezu alikuwa amekwisha kukanyaga, kuchuja na kutia unga wa mtama wa kukaanga. Kisha akasimama, akausikiliza upepo. Uwanja ule ulikuwa juu ya kilima, hauna hata mgomba mmoja wa kuukinga. Nyumbani rubisi hulala shambani kwenye joto. Hapa ingelala kama mtu aliyefukuzwa na mkewe.

Akachukua jembe, akachimba.

"Twagira!" akapaza sauti Polikarpi, mtengenezaji pombe wa kijiji cha Ihembe. "Unamzika Placidius mara ya pili?"

"Nachimba shimo la joto. Lako utalichimba kesho, la aibu."

Watu wakacheka. Akauteremsha mtumbwi shimoni, akajaza majani makavu pande zote, akafunika kwa majani mabichi. Hayakumtosha. Akachukua yale ya kulalia, kisha blanketi.

"Utakufa na baridi," Kampire akamwambia.

"Mimi sihitaji kuchacha."

Asubuhi alipotia mkono chini ya majani, alikuta povu limepanda na joto kama la mtoto mchanga. Akafurahi. Kisha furaha ikamkauka, maana pombe ilikuwa tayari, tena tayari kabisa, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Ikingoja mpaka jioni itakuwa siki. Kwa kuihurumia, aliikimbiza mno.

Akaenda kwa Deodatha, mama aliyesimamia sherehe. "Shikamoo mama. Mgeni anafika saa ngapi?"

"Marahaba. Ametuma mtu. Gari lina pancha. Labda saa tisa."

Twagirayezu akarudi, akamweleza mkewe. Kampire akamtazama. "Ukifungua, jembe umelikosa."

"Jembe ninalo. Nimechimbia jana."

Akafunua. Akachota kibuyu, akanywa yeye kwanza mbele ya macho ya watu, kama ilivyo desturi, ili asiwepo wa kudhani pombe ina kitu. Akajipangusa mdomo. "Nyie mliotetemeka usiku kucha, njooni! Rubisi ya Kamuli haingoji gari!"

Walitazamana. Mzee mmoja akajitokeza na mrija wake, wakafuata wawili, kisha uwanja mzima ukamiminika. Mitumbwi mingine ilikuwa bado tamu kama maji ya ndizi ya kunyweshea watoto. Polikarpi mwenyewe alikuja na kibuyu, akajifanya kimetumwa na shemeji yake.

Saa sita mchana Twagirayezu aliona mrija mrefu ukiingia upande wa mwisho, akaufuata kwa macho mpaka kwa mwenyewe. Alikuwa Mutalemwa, amechuchumaa, amefumba macho.

"Shikamoo mzee. Naona unakagua mti wa baba yako."

"Marahaba. Niache ninywe."

Mgeni rasmi alipofika saa tisa na nusu, Kamuli hawakuwa na hata tone. Deodatha akatangaza kwamba waliofungua mapema hawamo kwenye shindano. Jembe likaenda Ihembe. Polikarpi akalipokea bila kumtazama mtu.

Gosbert akawaita Mutalemwa na Twagirayezu kando ya shimo. "Mambo ya jembe yamekwisha. Sasa ya kwetu: tulisema wa kwanza kukauka. Mzee, unasemaje?"

"Alifungua kabla ya wengine," Mutalemwa akasema. "Hakushindana na mtu."

"Basi sema ilikuwa mbaya," Twagirayezu akamjibu. "Sema hapa, watu wasikie. Nitaubeba mimi mwenyewe mpaka kwako."

Mutalemwa akafungua mdomo. Waliomzunguka walikuwa walewale aliobanana nao kwenye mtumbwi tangu asubuhi. Mwanamke mmoja akacheka. "Mzee, tulikuomba utupishe mara ngapi?"

Mutalemwa akakohoa. Akaangalia ndani ya mtumbwi, mlimobaki unga wa mtama tu.

"Kaka yangu alikuwa anatia mtama mwingi mno," akasema hatimaye. "Nilimwambia miaka yote. Hakusikia." Akainama, akashika ncha moja ya mtumbwi. "Shika huko, Twagira. Lori litatuacha."

"Tunaupeleka wapi?"

"Kwako. Kwani una nyumba ngapi?"