Rangi ya Kumpokea Mgeni

Mwenye nyumba alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini wapangaji walimwita Bwana Kesho, na hilo ndilo lililomkaa. Ukimwambia paa linavuja, kesho. Ukimwambia lipu imeanguka karibu na kichwa cha mtoto, kesho asubuhi na mapema. Kodi tu ndiyo haikuwa ya kesho. Hiyo ilidaiwa leo, tena kwa kugongewa mlango kama vile kuna moto.

Fundi cherehani wa chumba cha pembeni alikuwa amevumilia misimu miwili ya mvua. Paa la zege lilikuwa limepasuka, maji yakawa yanateremkia ndani ya ukuta mpaka ukaota ukungu mweusi kuanzia juu hadi usawa wa kitanda. Kwenye kitanda hicho alilala yeye, mama mkwe wake, na binti yake mdogo waliyemwita Kidoti. Mume alikwishafariki, kilichobaki ni cherehani, bibi na mtoto, na mtoto mwenyewe kifua kilikuwa kinambana. Daktari wa zahanati alimsikiliza, akauliza wanaishi wapi, kisha akasema dawa atatoa, lakini mtoto hawezi kupona huku anapumua ukungu usiku kucha. Kana kwamba fundi hakuwa akijua.

Maji yalipomfika shingoni akapiga moyo konde, akaenda baraza la nyumba. Karani wa pale alimweleza vizuri, na ni mara chache karani kumweleza mtu vizuri. Nyumba ikiharibika kiasi cha kutokalika, na mwenyewe ameambiwa akapuuza, baraza linaweza kupunguza kodi mpaka atakapotengeneza, wala haruhusiwi kumtoa mpangaji kwa sababu amelalamika, malalamiko yakithibitika. Ila lazima mkaguzi aje aone kwa macho yake. Fundi alirudi nyumbani akiwa amekwishapiga hesabu zake njiani: kodi ikipungua nusu, nusu ya pili itatosha kuwapangia Kidoti na bibi yake kachumba kakavu mtaa wa pili, kifua kipate kupumzika.

Bwana Kesho alipopata wito wa baraza, kwa mara ya kwanza hakusema kesho. Alimwambia fundi ahame ifikapo Jumamosi.

Mambo haya yote mama mkwe hakuyajua. Fundi alimficha, kwa kuwa mama mkwe alikuwa mtu wa zamani, mtu wa kuamini kwamba ya ndani hayatoki nje, na kumshtaki mwenye nyumba kwake ni sawa na kuanika nguo za ndani barabarani. Kwa hiyo siku moja kabla ya ukaguzi alimwambia kwa mkato tu:

"Mama, kesho nina mgeni. Mtu wa ofisini. Anakuja kuitazama nyumba."

"Kuitazama nyumba yetu?" mama mkwe akashtuka. "Hii?"

"Hii hii, mama. Usijali."

Lakini mama mkwe alijali. Fundi alipotoka alfajiri kwenda kumngoja mkaguzi ofisini, maana nyumba za mtaa ule mgeni hazipati bila kuongozwa, bibi alifungua kitambaa alimokuwa akiweka akiba ya kununulia miwani. Akanunua rangi nyeupe ya mafuta. Akaomba saruji kidogo kwa wajenzi waliokuwa wakijenga jirani, akaziba mashimo ya lipu kwa kijiko cha wali. Akafunga brashi kwenye fimbo ya ufagio, akapanda juu ya meza ya cherehani, mwanamke wa miaka sabini na magoti mabovu, akapaka ukuta mzima, na kipande cha dari alichoweza kukifikia.

Fundi alifungua mlango mchana, mkaguzi yuko nyuma yake, Bwana Kesho yuko nyuma ya mkaguzi, na chumba kikamng'aria usoni. Ukuta ulikuwa mweupe kama sahani mpya. Kitanda kilitandikwa shuka la harusi. Mama mkwe alisimama katikati, kitambaa safi kichwani na doa la rangi kwenye kidevu, akitabasamu kwa furaha ambayo fundi hakuwahi kuiona tangu msiba.

"Karibuni, karibuni ndani," alisema. "Chai iko tayari."

Fundi alishika fremu ya mlango, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani, Mungu amsamehe, ni kumtukana yule bibi.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole aliyechoka. Alitazama juu, akatazama chini, akagusa ukuta kwa kidole; kidole kikatoka cheupe.

"Rangi mbichi hii," alisema.

Na hapo Bwana Kesho, bila kupepesa macho, akajibu, "Si ndivyo nilivyowaambia baraza? Nimeshakarabati. Huyu mama anapenda tu kesi."

"Mwongo!" Fundi alilipuka. "Hujawahi kuleta hata msumari! Chini ya hii rangi kuna ukungu, bwana mkaguzi, ngoja nikuonyeshe." Akachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akaanza kukwangua ukuta kwa nguvu zote, chembe za saruji mbichi zikirukia kitanda.

"Unaona?" Bwana Kesho akapaza sauti. "Unaona anavyonibomolea nyumba mbele ya serikali?"

"Mama, weka mkasi chini," mkaguzi alisema. "Ukibomoa wewe, siwezi kuandika kwamba imebomoka yenyewe. Una picha?"

Simu ya fundi ilikuwa ya vitufe, haipigi picha ya mtu wala ya ukuta. Kitandani Kidoti alianza kukohoa, kikohozi kile kirefu kinachomkunja tumbo.

"Ni harufu ya rangi hiyo," Bwana Kesho alisema. "Itaisha kesho."

Mkaguzi akaomba kupanda juu kuliona paa. Mlango wa juu ulikuwa na kufuli, na ufunguo, Bwana Kesho alisikitika sana, alikuwa ameusahau kwake. Mkaguzi akashusha pumzi, akamgeukia bibi.

"Mama, wewe ni mtu mzima, nitakuamini. Nyumba hii ina tatizo gani?"

Fundi alimkazia macho mama mkwe wake. Sema, mama. Mara moja tu katika maisha yako, sema.

Mama mkwe aliishika kanga yake kifuani. "Tunamshukuru Mungu," alisema. "Tunaishi vizuri. Kunywa chai, mwanangu, inapoa."

Mkaguzi akafungua kalamu. Fundi alipiga magoti sakafuni. Hakuwa akimwangukia mkaguzi wala Bwana Kesho. Alimshika mama mkwe miguu.

"Mama, nilikuficha, nikakosea. Huyu si mgeni wa chai. Akiandika kwamba nyumba ni nzima, Jumamosi tunalala nje, mimi na wewe na mtoto. Nakuomba, mama. Mwambie."

Bibi alimtazama mkwewe pale chini. Akamtazama Bwana Kesho, ambaye alikuwa amekwishachukua kikombe cha chai na kuanza kunywa.

"Rangi amepaka nani?" mkaguzi aliuliza taratibu.

"Nimepaka mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu unakuja wewe." Machozi yakamtoka. "Ningekukaribishaje kwenye uozo ule? Ukuta unanuka. Nguo za watu zinaota madoa sandukuni. Mjukuu wangu halali, mwanangu. Analala amekaa, mimi ndiye nimemshikilia mgongo, maana akilala chali hapumui. Na huyu anayekunywa chai yangu hajapaka hata kidole!"

Kifua cha Kidoti kilikuwa kikipiga mluzi. Bwana Kesho aliweka kikombe chini. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema ukweli wake, na ukweli huo haukuwa mtamu.

"Maneno yako nimeyaandika, mama. Lakini baraza hukata kodi kwa kile mkaguzi alichokiona, na mimi nimeona ukuta mweupe. Mvua ikinyesha kabla ya Jumamosi, nipigieni. Nitakuja papo hapo. Nikiona maji kwa macho yangu, hakuna wa kuwatoa."

Wakabaki wawili na mtoto, na jua kali dirishani. Mama mkwe hakula siku ile wala iliyofuata. Alikaa mlangoni anatazama juu, na kila aliyepita akimsalimu alimjibu kwa kumuuliza kama kwao kuna wingu. Fundi alishona bila kujua anashona nini. Mkono wa gauni la mteja aliuweka mahali pa shingo, akafumua, akaukosea tena. Kumlaumu bibi alishindwa. Kumsamehe pia, bado.

Ijumaa alasiri upepo ulibadilika. Ngurumo ikapita juu ya mtaa, na mvua ikaanguka yote kwa pamoja, ikipiga zege la juu kwa vishindo. Walikaa wameshikana mikono, wanautazama ukuta. Mweupe. Mweupe bado. Kisha karibu na dari rangi ikavimba, likatokea tumbo dogo, likapasuka, na maji machafu yakateremka juu ya shuka la harusi.

Kwa mazoea bibi alirukia beseni.

"Liache, mama!" fundi alipiga kelele, simu iko sikioni. "Acha yamwagike!"

Bibi akalitupa beseni. Akamnyanyua Kidoti aliyekuwa akihema, akamkumbatia kwenye kona iliyobaki kavu, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Maji yalifika kwenye cherehani, yakaingia kwenye gauni la mteja, na hakuna aliyenyoosha mkono kuyazuia. Upande wa pili wa simu mkaguzi aliitika.

"Inavuja, bwana!" fundi alisema, naye sasa analia kama mtoto. "Inavuja kila mahali! Njoo upesi, tafadhali, njoo kabla mvua haijakatika!"