Shavu Moja Tu

Mwanangu alinipa mpaka Jumamosi. Alitaka kiti changu cha kunyolea kitoke, mahali pake aweke kinyozi mwingine wa mashine, na mimi nikae nyumbani nilee magoti yangu. Kiti hicho niliachiwa na marehemu baba yake, pamoja na wembe wa kukunja na ukanda wa ngozi wa kuunolea. Duka lenyewe alimwachia yeye. Ndivyo wanaume wanavyogawa.

"Mama, mikono yako inatetemeka," akaniambia mbele ya watu.

"Inatetemeka ikishika kikombe," nikasema. "Ikishika wembe inajua iko kazini."

Fundi viatu, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake kwangu, akacheka mpaka akakohoa. Mwanangu hakucheka. Ana ndevu ngumu kama za baba yake, na shingo imejaa vipele kwa kujinyoa na mashine kila siku, lakini ukimgusia hilo ananuna.

"Kaa hapa nikunyoe," nikamwambia. "Nikikukata hata padogo kama ufuta, kiti nakitoa mwenyewe, nakibeba kichwani."

Angekataa angeonekana mwoga. Akakaa.

Watu hudhani raha ya kunyolewa iko kwenye wembe. Wembe huja mwisho mwisho. Nilichovya taulo kwenye maji ya moto, nikalikamua, nikamfunika uso, ikabaki pua. Alianza kusema kitu, taulo likayameza maneno. Ndevu zikilowa zinalegea, na mwenyewe analegea nazo. Wakati huo mimi nanoa, wembe unakwenda na kurudi kwenye ukanda, pa, pa, na hiyo sauti nayo ni sehemu ya dawa. Kisha povu. Si lile la kopo. La sabuni kwenye bakuli, nililolipiga kwa brashi mpaka likasimama lenyewe, nikampaka kwa kuzungusha hadi kila unywele ukasimama wima kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Nikavuta ngozi kwa vidole viwili, nikashusha wembe kufuata ndevu zinakoelekea. Ukiusikia ule mkwaruzo mdogo, ujue mambo yanakwenda. Nikapaka povu tena, nikapita mara ya pili, kwa ubavu. Mwanangu alishafumba macho. Mara nikasikia anakoroma, yeye aliyesema kazi yangu inachelewesha wateja.

Shavu la kulia likaisha. Nikakunja wembe, nikautia mfukoni mwa aproni.

Akashtuka. "Tayari?"

"Nusu. Nusu nyingine tuongee kwanza. Kiti kinabaki au kinatoka?"

"Mama, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Na wewe ulinisema mbele ya nani? Si hawa hawa?"

Ukaidi wake naujua, nimeuzaa mwenyewe. Akasimama na povu lake, akalifuta, akachukua mashine, akamalizia shavu la kushoto kwenye kioo kama anayefyeka nyasi. "Haya. Kuna tofauti gani?"

Fundi viatu akainuka. Akampapasa kulia taratibu, kama anavyopapasa ngozi kabla ya kuikata. Akampapasa kushoto. Akavitazama vidole vyake.

"Bwana mkubwa," akasema, "huku unashonea viatu vya bibi harusi. Huku unasugulia masufuria."

"Mkimaliza kunipapasa mniambie," mwanangu akasema, akatoka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa hakuniamkia. Lakini nilikuwa nauona mkono wake, kila baada ya muda unapanda kwenye shavu la kulia, unalipitia, unashuka. La kushoto kazi yake ilikuwa kulikuna, vipele vilishaota. Mchana mkewe alikuja kumletea chakula, akaniinamia sikioni.

"Mama, nimemwambia akilala anielekezee shavu lako."

Jumamosi niliwahi dukani kuliko wote. Nikakaa kwenye kiti, nikashika mikono ya kiti yote miwili, nikaapa kuwa wakikibeba watanibeba na mimi juu yake. Mwanangu akaingia, akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu.

"Inuka, Mama."

"Siinuki."

"Inuka."

"Ita na wanaume wengine. Peke yako huniwezi."

Akashusha pumzi. "Sasa utaninyoaje umekaa?"

Nikamtazama. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba vipele kama limetafunwa na siafu.

"Na kiti?"

"Kinabaki."

"Sijasikia."

"Kinabaki, Mama."

"Basi kaa benchi. Fundi viatu yuko mbele yako, tangu Alhamisi hajanyolewa kwa ajili yako."

Akakaa benchi. Nami nikamimina chai yangu kwanza, sina haraka. Kikombe kikatetemeka, chai ikamwagika kwenye kisahani. Aliona vizuri kabisa. Akageuza uso, akatazama ukutani.