Gesi ya Harusi ya Maha

Ghanim alirudi kutoka Muscat, alikofanya kazi ya uhandisi, na saa ya dhahabu mkononi na elimu ya mabomba ya gesi isiyokwisha mdomoni. Kila jioni barazani aliwaeleza watu kwamba gesi ikitoka penye presha kubwa ikaingia penye ndogo hupoa, hata bomba likaota barafu katikati ya jangwa, ndiyo maana wao kule huipasha moto kwanza. Watu walimwitikia naam, wakanywa kahawa yao.

Shangazi yake, Bi Shariffa, alikuwa anamuoza Maha, bintiye wa pekee. Kuni za kupikia biriani zilishafika mlangoni kutoka Mpendae. Ghanim akazirudisha. Alisema walima wa ukoo wao hauwezi kunuka moshi. Akaleta mtungi mmoja mkubwa wa gesi na majiko yake, akavipanga uani. Kisha, kwa kuogopa jua lisije likauripua, akauvisha mtungi gunia lililorowa, vile vile watu wanavyopoza maji ya kunywa, akaamrisha lirowekwe tena kila likitaka kukauka. Na huyo ndiye mhandisi.

Majiko yote yakawashwa pamoja. Wali haujaiva, moto ukaanza kunywea. Machano, mpishi, akafunua gunia akakuta mtungi umeota barafu nyeupe. Akauliza afanye nini.

Ghanim alijua pale pale. Gesi imepoa, presha imeshuka, na aliyezidi kuipoza ni yeye. Dawa ilikuwa kuvua gunia na kuumwagia mtungi maji ya uvuguvugu, basi. Lakini Bi Shariffa alikuwa amesimama karibu, na nyuma yake nusu ya mtaa. Akaona haya kukiri. Akasema gesi ya huku imeghushiwa, wenye maduka wezi watupu.

"Tia maji gunia," akamwambia Machano.

Wageni wakatoka msikitini wali ukiwa bado una kiini. Majirani wakaja na masufuria yao, wakaugawana, kila mmoja akaenda kuumalizia kwenye mkaa wake. Ulirudi huu umeungua, huu bokoboko. Bi Shariffa alilia huku anapakua.

Uani lilisahauliwa jiko moja, linawaka kwa ulimi mdogo. Gunia halikuwa tena na wa kulirowesha, jua likalikausha, mtungi ukapata joto. Bi Shariffa alipopita na sinia, moto ulikuwa umesimama, wa buluu, unavuma chini ya hewa tupu. Akaligusa gunia kavu, akahisi joto la mtungi, akamtazama mpwa wake.

"Ghanim, mwanangu, hili ulikuwa hulijui?"

Angesema hakujua, angesamehewa siku ile ile. Lakini majirani walikuwa wanasikiliza, na Ghanim hakuweza kustahamili watu wa Mji Mkongwe wamdhanie mjinga wa gesi.

"Nlijua, shangazi," akasema upesi. "Nlijua tangu mwanzo."