Panga Ambalo Halikuwapo

Kila Jumatatu Gichuru, mwenye duka pale Turbo, alidai neno moja la Kiingereza kutoka kwa mpangaji wake, Mwalimu Adongo, apate la kuwatambia wateja.

"Leo chukua *exaggerate*, Mzee," Adongo akamwambia. "Maana yake kutia chumvi. Ile kazi yako."

Gichuru alicheka, hakukana. Ulimi hauna mfupa, na wake ulizidi. Nusu ya wateja walimjia kwa ajili ya hadithi.

Saa sita mchana mwanamume mwenye sweta ya kijani alinyakua debe la mahindi mlangoni, akatimua mbio. Gichuru akapiga mayowe. Watu wa boda boda wakamkamata mwizi hatua chache tu kutoka dukani, kisha wakageuka kumngoja mwenye mali, maana desturi yao ni aliyeibiwa aseme kwanza. Gichuru aliona nyuso zote zinamtazama, ulimi ukamwasha.

"Amenitolea panga," akasema. "Alitaka kunichinja kama mbuzi."

Hakuna aliyeuliza panga liko wapi. Jiwe la kwanza lilimpata yule mtu mdomoni, akatema meno. Rungu likamwangusha. Wakampiga mateke ya mbavu mpaka Gichuru akasikia mfupa ukivunjika. Mtu yule alinyoosha mkono kuomba, wakaukanyaga.

Hofu ikamshika Gichuru. Akajitosa katikati, akavuta watu mashati huku analia. "Wachaneni naye. Hakukuwa na panga. Nimeongeza chumvi. Ni debe tu."

Jackson wa boda boda, msikilizaji wake wa kila siku, alimsukuma kando polepole. "Mzee, wewe una huruma sana. Saa hii ndiyo unadanganya."

Kisha akainua jiwe kubwa kwa mikono miwili, akaliachilia kichwani mwa yule mtu.

Polisi walikuta maiti. Afisa alifungua daftari, akauliza marehemu alikuwa na silaha gani. Umati ukageuka kumngoja mwenye mali. Adongo alikuwa amefika, naye akimtazama. Neno la asubuhi, *exaggerate*, lilikuwa tayari mdomoni mwa Gichuru. Lakini Jackson alisimama karibu naye, damu ikiwa bado haijamkauka mikononi, na Gichuru akaogopa.

"Panga, afande," akasema.

Akaona aibu, maana mikono yake ilikuwa imeshapanuka yenyewe, ikionyesha urefu wa panga hilo.