Kamba ya Donatien

Zagabe aliapa tangu asubuhi kwamba gari bovu halivutwi kwa kamba kwenye milima yetu; huvutwa kwa chuma. Lakini chuma chenyewe kilikuwa kimeazimwa na mtu wa Kavumu, na shemeji yake Donatien si mtu wa kungoja. Akafunga kamba kwenye bampa ya Fuso ya Zagabe, akaunganisha na lori lake lililojaa mbao, akafanya ishara ya msalaba na kusali sala ya kutosha ubatizo mzima.

"Wewe kamata usukani tu," akasema. "Kukiwa matata, piga honi, mimi nitasimama."

Lori la Donatien likagoma kuwaka. Wakachomoa betri ya Fuso, wakaliwekea, likawaka, wakashangilia, wakaondoka Nyantende kuelekea garaji mjini. Jamani, watu wazima wawili! Honi inalia kwa nini, kama si kwa betri? Hakuna aliyejiuliza.

Kwenye mpando mwendo ulikuwa wa konokono. Wamama waliokuwa wakipeleka kabichi soko la Kadutu wakaona bahati yao. Wakarusha vikapu nyuma ya Fuso, wakapanda, Maman Mélanie, jirani yake Zagabe, akiwa wa kwanza.

"Bamama, mushuke! Gari haina breki!"

"Eh, Papa Zagabe, usitunyime nafasi. Si iko inatembea?"

Wakacheka, wakaanzisha wimbo wa Bikira Maria. Sasa angefanya nini? Angeachia usukani akawashushe, Fuso ingeingia bondeni nao.

Kisha barabara ikaanza kushuka. Kamba ikalegea. Zagabe akakanyaga breki, lakini injini ilikuwa imekufa na pedali ikakataa katakata. Akavuta breki ya mkono. Ikatoa harufu ya kuungua tu, Fuso ikazidi kukimbilia mgongo wa Donatien. Akabonyeza honi. Kimya. Akaigonga kwa ngumi, na hapo ndipo alipokumbuka betri.

"Donatien! Weee, Donatien!"

Nani amsikie? Mbao zilikuwa zimeziba vioo vyote vya Donatien vya kutazamia nyuma, na huko nyuma wamama walikuwa wamefika kwenye kiitikio. Zagabe alitamani kulia kama mtoto. Akizigonga mbao, wamama wanakufa. Akiacha gari likimbie, wanakufa. Akakata usukani kuelekea ukingo wa udongo. Kamba ikakaza, bampa ikang'oka kwa mlio wa bati na kwenda na Donatien, Fuso ikajibamiza na kulala ubavu katika shamba la mihogo.

Kabichi zikabingirika kila upande. Wamama wakainuka mmoja mmoja wakimwita Yesu, wote isipokuwa Maman Mélanie. Alibaki ameketi, mkono umening'inia vibaya, akimtazama Zagabe.

"Unisamehe, mama," Zagabe akasema.

Walikuwa bado wanatafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali, simu ya Zagabe ikalia.

"Shemeji," Donatien akasema kwa furaha, "Mungu iko muzuri, tumefika salama mbele ya garaji. Sasa kanyaga breki polepole, nami nisimame."